Maji ya Kulinganishia

Watu walimbatiza mkuu wa maabara Bwana Safi, na jina likamkaa. Tangu akalie kiti kile, hakuna maji yaliyopimwa humo yakakutwa na sumu. Visima, mito, hata mtaro wa nyuma ya kiwanda cha dawa za wadudu: vyote safi! Watu wa mji ule walikuwa na bahati ya ajabu.

Mkemia wake hakuwa na raha na bahati hiyo. Mdogo wake aliishi kando ya mashamba yanayopuliziwa dawa, na kisima chake kilinuka dawa waziwazi. Mkemia akambeba mpwa wake mdogo, akaja naye mjini.

"Atakaa kwangu mpaka nipime," alisema. "Kwangu angalau kuna bomba."

Akapima. Mashine ikasema kisima ni safi.

"Si nilikwambia?" Bwana Safi alisema, akipuliza chai yake. "Pua siyo kipimo."

Sasa, mashine ile huonjeshwa kwanza maji safi, kisha ya kisima, nayo husema tofauti tu. Hayo maji safi yalipaswa kutoka kwenye mtambo wa kuchujia. Mkemia akaenda stoo kuuangalia. Aliukuta umefunikwa shuka, vumbi tele, hauna hata waya.

"Ah, huo ulikufa zamani," Bwana Safi akasema bila haya. "Tunakinga ya bomba. Maji ni maji tu, mama."

Mkemia akaomba maji yaliyochujwa hospitali ya jirani, akaanza upya: kisima na bomba, vyote viwili. Kisima kilikuwa na sumu. Bomba, linalovuta maji ya mto uleule unaopita mashambani, lilikuwa na sumu ileile, karibu sawasawa. Kumbe siku zote walilinganisha sumu na sumu, na mashine, kwa utiifu wake, ikawajibu hakuna tofauti.

Bwana Safi akayatazama majibu, kisha akaitazama chai. Akasukuma kikombe pembeni polepole.

"Tusiwatie watu hofu," alisema. "Kwanza agiza maji ya chupa. Ya ofisini kwangu."

Mkemia nusura acheke. Simu ikaita, mdogo wake.

"Dada, vipi majibu?"

"Kisima kina sumu."

"Mungu wangu! Afadhali mwanangu yuko kwako. Leo amekula?"

Asubuhi ile Mkemia alimkorogea uji kwa mikono yake, kwa maji ya bomba, na mtoto alimaliza bakuli zima akataka tena.