Nyumba Isiyoomba Chumvi

Mtoto wao alikufa nyumba imejaa nguo.

Wakati huo Abdulrahim bin Shehe na mkewe Mwaja walikuwa wakikaa Kafuro, katika nchi ya Karagwe, mahali ambapo wafanyabiashara wa Kiislamu waliotoka Unyanyembe na pwani walikuwa wamejenga kituo chao. Zamani palikuwa na msikiti na nyumba nyingi. Sasa pembe za ndovu zilikuwa zimeadimika, misafara ilipita njia nyingine, na zilibaki kaya tatu tu zikingoja mizigo isiyofika. Hawakulima. Shanga zilinunua ndizi, merikani, ile nguo ya pamba ya dukani, ilinunua maharage, na maziwa ya mtoto wao Mgeni, ambaye mama yake alikauka matiti baada ya homa, yaliletwa kila asubuhi na mchungaji wa jirani kwa kete chache za shanga nyekundu.

Kisha ikaja sotoka. Ng'ombe walitokwa na makamasi na machozi, wakahara, wakalala, na kwa mwezi mmoja mabonde yote yalinuka. Mchungaji alikuja asubuhi moja na kibuyu kitupu, akakigeuza chini juu mbele ya Mwaja ili aone mwenyewe, akaenda zake. Hakurudi tena.

Abdulrahim alijitwika jora la merikani begani, akapita kilima kwa kilima akitafuta maziwa, au asali, au unga wa ulezi wa kumpikia mtoto uji. Watu walimkaribisha, wakamsikitikia, lakini kila mmoja alikuwa na watoto wake. Mzee mmoja alishika ncha ya ile merikani, akaipapasa, akasema kwa neno lao la heshima, "Nguo nzuri, waitu. Lakini watoto wangu watatafuna nini nikikupa ulezi huu?" Siku ya nne Abdulrahim alirudi na jora lake zima, halikukatwa hata shibiri. Wakamkatia sanda Mgeni kutoka humo humo.

Baada ya maziko Abdulrahim hakulia. Siku ya nne akamwambia mkewe, "Mama Mgeni, tunahama. Naapa kwa Mola wangu, sitakula tena tonge lililotoka mkononi mwa mtu. Tutalima wenyewe, tutavaa tulichotengeneza wenyewe, na chumvi tutachoma wenyewe. Nyumba yangu haitaomba wala haitaombwa."

Mwaja hakupinga. Huzuni yake nayo ilitaka mahali pa kwenda.

Walihamia kilima kimoja upande wa Nyakatuntu, mwendo wa siku tatu. Nguo zilizobaki alipewa mwenye kilima, naye akawaonyesha ardhi yenye rutuba juu ya bonde la matete. Abdulrahim alikuwa na miaka thelathini na mitano, na mikono yake haikuwahi kushika jembe. Wiki ya kwanza viganja vilipasuka. Alifunga matambara, akaendelea.

Aliyewafundisha ni jirani yao, mjane wa Kinyambo aitwaye Kokuteta, mwanamke mrefu, mcheshi, aliyekuwa na binti mmoja, Kokwenda, na wajukuu wanne. Aliwaona wakipanda maharage katika jua kali, akacheka mpaka akashika kiuno. Kesho yake alikuja na machipukizi ya migomba kumi na mawili, yamefungwa kwa kamba, juu ya kichwa.

"Mgomba hauliwi mwaka huu," aliwaambia. "Mwaka huu mnaupa nyasi. Mnaulaza kama mtoto, mnaufunika miguu. Mwaka wa tatu, utawapa."

Alimfundisha Mwaja kutandaza nyasi shinani, kupanda maharage katikati ya migomba, na kuchoma majani ya bondeni, kuchuja majivu na kuchemsha maji yake mpaka ikabaki chumvi chungu chungu ya kijivu. Alimfundisha Abdulrahim kubandua gome la mti na kuligonga kwa nyundo ya mti mpaka likawa rubugo, nguo laini ya rangi ya udongo. Abdulrahim, aliyezoea kanzu, alipovaa rubugo lake la kwanza, Kokuteta alipiga vigelegele. Mwaja naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Kafuro.

Ila Abdulrahim alikuwa akijenga ua. Kila jioni alipanda miiba kuzunguka kibanja, shamba lao la migomba, safu mbili, na katikati ya safu alishindilia matawi makavu ya mkakaya. Mwaja alipomwuliza ni wa kuzuia nini, alisema ngiri. Ua ulipofika kifuani alisema nyani. Ulipompita kichwa hakuulizwa tena.

Mwaka wa tatu migomba ilizaa. Mikungu ilikuwa mizito hata ikabidi iegemezwe miti. Kwa desturi ya kilima, mkungu wa kwanza hupikwa, na jirani aliyetoa mbegu huitwa kuula. Kokuteta alikuja amejipaka samli kidogo usoni, amevaa vizuri. Abdulrahim alimpokea mlangoni kwa adabu, akamshukuru, akamwambia kwamba katika nyumba yake chakula hakitoki wala hakiingii.

"Hata kwangu mimi?" Kokuteta aliuliza, akidhani ni mzaha.

"Mama, sikukatai wewe. Nimeapa."

Kokuteta alimtazama Mwaja aliyesimama nyuma ya mumewe. Mwaja akainamisha macho. Yule mjane akasema, "Basi, mwanangu, kiapo ni kiapo," akarudi kwake. Hakuwanunia. Waliendelea kuamkiana, na siku ambazo Abdulrahim alikuwa bondeni, Mwaja alimpelekea kile alichoweza kuficha ndani ya nguo.

Ndipo funza wakaingia nchini.

Hakuna aliyekuwa amewaona kabla. Wengine walisema wamekuja na misafara kutoka magharibi, na huenda ni kweli. Waliingia chini ya kucha za miguu, wakavimba kama punje za mtama, na mtu asiyejua kuwatoa alikwaruza mpaka nyama ikaoza. Abdulrahim alikuwa amekwisha kusikia habari zao kwa wapagazi. Alimwaga majivu katika sakafu yote, akashona viatu vya ngozi, na kila alasiri Mwaja alikagua miguu yao yote minne kwa sindano, akatoa kila mmoja na mfuko wake mzima.

Alikuwa na sindano tatu. Katika kilima kizima hapakuwa na nyingine.

Kokuteta alipoanza kuchechemea, Mwaja alimkalisha nje ya ua, akamchokonoa miguu, akampaka majivu. Akamtibu Kokwenda, na wajukuu wawili. Siku ya pili walikuja watu sita, siku ya tatu kumi na wanne, wengine wamebebwa. Abdulrahim alirudi kutoka bondeni akawakuta wamejipanga kando ya miiba yake.

"Unawaleta mlangoni kwetu," alimwambia mkewe walipokuwa ndani. Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya hofu. "Hao wadudu wanatoka mguu huu wanaingia huu. Umeshazika mmoja, Mama Mgeni. Unataka nini?"

Alimtaja mtoto, na Mwaja akazirudisha sindano mahali pake. Kesho yake lango halikufunguliwa. Watu walikaa mpaka adhuhuri, wakaondoka.

Asiyeweza kusimama hawezi kulima. Migomba ya kilima ilikosa nyasi, magugu yakaisonga. Maharage hayakupandwa msimu ule wala uliofuata. Na mvua nazo zikachelewa. Watu walienda shambani kwa magoti. Walipofunga magoti kwa magome, magoti nayo yakaingiwa. Njaa ikashuka juu ya watu ambao ardhi yao ilikuwa nzuri kabisa. Ndani ya ua wa Abdulrahim mikungu ilikuwa ikiiva na kudondoka, kwa sababu watu wawili hawawezi kumaliza kibanja kizima. Alikausha ndizi, akajaza vihenge, akajaza tena.

Kokuteta alikuja asubuhi moja, jua likiwa limepanda. Mwaja alimsikia kabla hajamwona: mburuzo, kisha kimya cha kupumzika, kisha mburuzo. Alikuwa anakuja kwa makalio, akijisukuma kwa mikono, miguu ameinyoosha mbele, imefungwa majani. Alifika langoni, akaketi.

"Mwaja," aliita. "Mwanangu, upo?"

Abdulrahim alitangulia kufika. Alisimama ndani, upande wa pili wa miiba.

"Waitu," Kokuteta alisema, "najua kiapo chako. Sikuja kuvunja kiapo cha mtu. Nipe mkungu mmoja tu, hata wa kuanguka. Watoto wa Kokwenda wamekula mizizi ya mgomba jana. Yeye hawezi kutoka."

"Mama, nikikufungulia wewe nimefungulia kilima kizima."

"Nitaufunika. Hawatauona."

"Watauona."

Kokuteta aliyatazama majani ya migomba juu ya miiba. Kisha akasema, bila ukali, "Migomba hii naijua mama yake."

Mwaja alikuwa amefika, amesimama kando ya mumewe, na mkono wake ulikuwa juu ya komeo la lango. Lilikuwa komeo la mti tu, la kuvuta. Mumewe hakumshika. Hakumkataza. Alimtazama tu kwa macho yale yale aliyorudi nayo siku ya nne na lile jora begani, na Mwaja akamwona mtoto wake, akaona na kihenge, na wazo likamjia, wazo lake mwenyewe, si la mumewe: Je, njaa ikidumu mwaka mwingine?

Akatoa mkono.

Kokuteta alingoja. Halafu mburuzo ukaanza tena, ukashuka kuelekea kijito.

Mwaja alistahimili siku hiyo na iliyofuata. Siku ya tatu, Abdulrahim akiwa kwenye swala ya alfajiri, alibeba mikungu miwili na furushi la ndizi kavu, akafungua lango, akatoka. Alimkuta Kokuteta hatua mia mbili tu kutoka pale, kando ya kijito, ameegemea kichuguu. Inzi walikuwa wameshamjia. Hakuwa amefika hata nusu ya njia.

Alimfumba macho, akamfunika kwa shuka lake, akaenda na ile mikungu mpaka nyumbani kwa yule marehemu. Kokwenda alikuwa amekaa mlangoni. Wajukuu walikuwa wamebaki wawili.

"Mama yako..." Mwaja alianza.

"Najua," Kokwenda alisema. "Alisema anakwenda kwako." Akachukua ndizi kutoka mikononi mwake, akaanza kuwamenyea watoto, mbichi vile vile. Hakusema asante wala hakumtukana. Hakumtazama tena. Mwaja alisimama pale kama mtu asiyeonekana, mpaka akaondoka.

Alirudi kwao, akamwambia mumewe kwamba Kokuteta amekufa, na mahali alipofia. Abdulrahim alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akakaa chini. Kisha akauliza:

"Umetoa mikungu mingapi?"

Mwaja alimjibu miwili. Baadaye alikuja kujua kwamba ndoa yao iliishia hapo, ingawa walikaa pamoja miaka mingine ishirini.

Wakaenda wote wawili kumzika, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye miguu. Abdulrahim alichimba kaburi refu, la heshima, jasho likimtiririka. Aliporudi hakula siku mbili.

Watu wa kilima walijifunza kutoa funza kwa miiba. Mvua zikarudi. Waliopona walilima, wakazaa, nyumba zikafuka moshi tena. Hakuna aliyekuja kuwalaumu wala kuchoma ua wao. Walipopita waliamkia, kwa maneno machache yanayotakiwa, macho mbele.

Kisha njia ikahama. Mwaja aliliona jambo hilo pole pole. Njia ya kushukia kijitoni ilipita langoni kwao tangu walipokuja. Sasa ikaanza kuota nyasi, na ng'ambo, nyuma ya kichuguu, ukaonekana mstari mwekundu mpya ambao nyayo za watu zilikuwa zimeuchora. Njia hiyo ilikuwa ndefu zaidi na ya mlima zaidi. Wanawake waliipanda na mitungi yao.

Mwaka huo Abdulrahim alikata mkungu mzuri kuliko yote, akaubeba mwenyewe, akauweka nje ya lango juu ya majani mabichi. Hakumwambia mkewe sababu. Ulikaa mpaka ukaiva, ukawa mweusi, ukatoa maji. Akauondoa, akaweka mwingine. Ijumaa iliyofuata akaupeleka mbele zaidi, mpaka kwenye njia mpya, akaketi kando yake amevaa kanzu yake ya zamani iliyokuwa imeliwa na mende.

Mwaja alimtazama kutoka juu. Alimwona Kokwenda akija na binti zake, mitungi kichwani. Alimwona mumewe akiinuka, akisema jambo, akionyesha kwa mkono. Kokwenda alisimama, akaitikia salamu, akaupita mkungu kwa pembeni, na binti zake wakaupita vile vile, mmoja baada ya mwingine, wakiinua kidogo nguo zao.

"Labda hawapendi aina hii," Abdulrahim alisema aliporudi.

"Labda," Mwaja alisema.

Alikuwa amewaza kuondoka. Lakini Unyanyembe kulikuwa mwendo wa mwezi mzima, na hakujua kama kwao kuna aliyebaki hai, wala angesema ametoka wapi na ameacha nini. Akachukua jembe, akaenda kupalilia upande wa mashariki, ambako migomba ilikuwa imezaa sana mwaka ule na mingine imeanza kulala chini kwa uzito.