Kimo cha Lynn

Mwaka jana wapima lishe walikuja shule ya msingi hapa kwetu Murera, wakasema Lynn, mtoto wa jirani yangu Aoko, amedumaa. Mwalimu akalisoma jina lake kwenye gwaride, mbele ya shule nzima, kana kwamba ni zawadi. Tangu siku hiyo watoto wenzake humwita Kanini, yaani kadogo.

Mwaka huu, siku moja kabla ya vipimo, Aoko alinijia na mtoto mkono mmoja, uzi wa nywele mkono wa pili. Mimi ni msusi.

"Ngina, zisuke zote ziende juu, halafu funga kifundo kikubwa. Huyu hasomwi gwaride tena."

"Haiya! Kwani wanapima mtu ama nywele?"

"Wewe suka."

Nikasuka. Kazi yangu mimi haibonyei.

Kesho yake foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Ubao wa kupimia urefu ulishuka, ukakutana na kifundo, ukakomea hapo. Muuguzi aliyekuwa akipima, Sista Nakhumicha, akasema mtoto amekua vizuri. Aoko akanifinya mkono kwa furaha. Kisha Lynn akapanda mzani, na sista akakunja uso.

"Mama, kwa urefu huu, hizi kilo ni kidogo sana. Huyu amekonda vibaya. Apelekwe hospitali leo."

Tuliruka mkojo, tukakanyaga mavi.

Aoko alimshusha mtoto kwenye mzani, watu wote wakimtazama. Kisha akakifungua kifundo kwa mikono yake mwenyewe.

"Mpime tena."

Ubao ukashuka hadi kwa mtoto mwenyewe. Alikuwa ameongeza upana wa kidole tu tangu mwaka jana. Hospitali ikafutwa, kudumaa kukabaki. Iliniuma, siwafichi.

"Huyu anakula nini?" sista akauliza.

"Anakula. Ugali, sukuma, chai. Kwangu hajalala njaa hata siku moja."

"Na mayai? Si mnafuga kuku?"

Lynn ndiye aliyejibu, kwa adabu zote: "Mayai ni ya wateja."

Ni kweli. Aoko huyapeleka mtaa wa Kahawa Sukari, kwa vijana wa chuo wanaonyanyua vyuma wapate misuli.

Jioni nilimkuta jikoni akimmenyea Lynn yai la pili. La kwanza mtoto alikuwa amelishika kwa mikono miwili, hajaamini kwamba ni lake. Simu ikaita, mmoja wa wale vijana wa chuo.

"Niaje mathe, mbona leo hujaleta?"

"Mayai imeisha."

"Ai, sasa mimi nitakula nini?"

Aoko alimtazama mtoto wake, akamsogezea chumvi.

"Wewe umeshakua," akamwambia, akakata simu.