Jengo Lililopiga Hodi

Usiku wa jana niliota jengo nililolichora limesimama ukingoni mwa msitu wa Kwemzuza, limevua viatu, linapiga hodi.

Mimi ni msanifu majengo. Leo asubuhi nilitakiwa kupeleka michoro ya kituo cha watafiti wa vyura, na mwenyewe nilikuwa nimeandika: jengo likanyage ardhi kwa upole. Basi jengo lilikuwa limekunja suruali hadi magotini, miguu yote kumi na miwili.

"Ingia, tumechelewa," nikaliambia.

"Siingii kwa watu bila kukaribishwa. Wewe uliingia kupima bila hodi. Umelelewa wapi?"

Nikaona haya. Mama Shemweta, anayetuongoza msituni, alinisihi siku ile tusimame kwanza tubishe hodi, ndiyo desturi ya kwao. Nikamjibu kwamba mvua haitusubiri.

Mara tuko ofisini kwangu. Mvua inanyesha ndani, meza imeota kuvu. Chura mdogo kama ukucha anaikunjua michoro yangu, amevaa miwani.

"Nguzo ya saba," anasema, "iko chumbani kwangu. Watoto wamelala."

Nilijua. Pale pana chemchemi ndogo. Nilikuwa nimeisogeza nguzo nusu mita ili baraza ilitazame bonde, maana wafadhili wanapenda bonde. Na mimi, niseme kweli, naipenda baraza ile kuliko kazi zangu zote.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikajaribu.

"Mwenyeji ndiye mimi. Bado sijapona."

"Lakini mandhari, mzee wangu..."

"Hata mimi nayapenda. Nayatazama nikiwa kwangu."

Jengo limeinua mguu wa saba, linayumba. "Amueni, jamani, nashikwa na ganzi."

Natafuta raba ya kuifuta ile nguzo, siioni. Roho inaniuma. Chura anavua miwani na kuifuta. "Usijisumbue. Nitamtuma mtu asubuhi afuate jibu."

Nikaamka kumeshapambazuka. Ninakaa Tanga mjini, na kutoka hapa hadi Kwemzuza ni mwendo wa nusu siku. Nikafungua mlango. Kando ya ndala zangu kilikuwa kimesimama kigingi namba saba, kile nilichokipigilia msituni kwa mkono wangu kuonyesha mahali pa nguzo, kina tope bichi.

Hakikuwa kimevuka kizingiti. Kilikuwa kinangoja.

"Karibu ndani," nikakiambia, nikaenda kutafuta raba.