Majina Ishirini na Mawili

Mimi nikipata habari siwezi kukaa nayo. Nyumbani wananiita Redio. Mama yangu, Habibo, anauza maziwa ya ngamia hapa soko la Garissa, na huwaambia wateja kwamba alizaa mdomo kwanza, Fathi mwenyewe akafuata baada ya siku mbili. Sasa fikiria vile nilitoka ofisi ya wakili ile Jumatatu. Nilikimbia na jua lote lile, buibui imejaa upepo, kiatu kimoja kimekatika nikakibeba mkononi.

"Hooyo! Nimejua kwa nini hawamwachilii abti Isse!"

Soko zima likageuka. Mama akaendelea kumimina maziwa. "Shusha sauti. Sasa hata Wajir wamesikia."

Wacha nieleze kwanza. Abti ni mjomba, ndugu ya mama. Abti Isse amefungiwa Nairobi miaka kumi na tatu, na si jela, ni hospitali ya wagonjwa wa akili, ile sehemu yenye ukuta mrefu na askari. Mwaka ule wa kiangazi kibaya, kwetu Habaswein, ugonjwa ulimwingia akaanza kusikia watu wanakuja kumchukua mtoto wake. Mtoto aliitwa Ayan. Alikuwa na miaka saba, mimi nane, tulikuwa tunalala mkeka mmoja. Alfajiri moja abti alimteremsha Ayan kisimani kwa kamba ya ndoo ili amfiche. Akafunika mdomo wa kisima kwa matawi, akakaa juu na fimbo yake kulinda. Alilinda mpaka jua likasimama utosini. Watu walipomtoa pale kwa nguvu, bado alikuwa anawaambia wanyamaze, mtoto amelala.

Korti ilisema kitendo alifanya, lakini akili haikuwa yake. Basi akae ndani mpaka Rais aridhie. Rais gani, siku gani, hakuna aliyetuambia. Barua zilienda, majibu hayakuja. Halafu mambo yakabadilika, ikawa ni jaji anaangalia. Kila mwaka faili inafunguliwa, daktari anaandika, afisa wa probesheni anaandika, jaji anauliza maswali mawili: amepona? ana pa kurudi? Mara tatu tulienda na mara tatu tukaambiwa mwakani. Hii ya sasa ilikuwa ya nne.

Na mimi nina diploma ya kazi za jamii, mbichi kabisa, hata cheti hakijapata fremu. Wakili wetu, Nimo, alikubali nimsaidie kupanga makaratasi. Ndipo nikakutana na ule mstari. Ripoti tatu, mstari uleule: *Mgonjwa bado anaongea na watu wasioonekana, huwataja kwa majina.* Na pembeni muuguzi mmoja mwenye bidii alikuwa ameandika vile alivyosikia: Dubo, Ogole, Irisi, Robole, Guleti, Samatari.

Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia. Hao si mashetani, jamani! Huyo ni babu yangu! Dubow ni baba ya abti. Ogle ni baba ya Dubow. Hirsi ni baba ya Ogle. Ni abtirsi, ile hesabu ya ukoo ambayo kila mtoto wa Kisomali anafundishwa kabla hajajua kufunga viatu: jina lako, la baba, la babu, unapanda hivyo hivyo mpaka juu. Kwa ukoo wa mama majina ni ishirini na mawili. Mtu anarudishwa ndani miaka mitatu kwa sababu ya kutaja babu zake!

Mama aliposikia aliweka kikombe cha kupimia chini. "Wallahi?"

"Wallahi."

Akakaa juu ya jerikeni. "Ameandika Irisi?" akauliza. Akaanza kucheka, akavuta shungi akajifunika uso, na mabega yakaendelea kutingishika muda mrefu kuliko kicheko.

Nimo peke yake hakucheka. Alivua miwani akaniangalia kama dada mkubwa. "Fathi, nisikilize vizuri. Ripoti ya mwaka huu ni safi. Daktari ameandika miezi tisa haongei peke yake. Probesheni amefika Habaswein, majirani wamekubali, nyumba ipo. Siku ya korti kazi yako ni kukaa na nyanya yako na kufunga mdomo."

"Lakini si tuwaambie tu kwamba..."

"Funga. Mdomo."

Ayeeyo, nyanya yangu, alishuka Garissa Jumatano na mfuko mmoja. Ndani kulikuwa na macawis mpya, ile shuka ya wanaume ya kujifunga kiunoni, bado iko kwa nailoni yake. Amemjengea abti nyumba nyuma ya yake, mlango ukiangalia mlango, ili akikohoa amsikie. Kisima kilijazwa mawe zamani. Ayeeyo amepita themanini, goti moja halikunji, na usiku huo alisema kitu kimoja tu. "Mwaka huu bado mimi nipo. Mwakani nani atamfungulia mlango?"

Mama akamwambia aache maneno hayo.

Kortini hawakumleta abti mwenyewe. Walimleta kwa skrini ukutani. Chumba cheupe, meza, daktari upande mmoja, muuguzi nyuma, na katikati mzee ambaye sikumjua mpaka alipokuna sikio. Ndevu zote nyeupe. Ana miaka arobaini na tisa.

Ayeeyo akasimama na fimbo yake, akaisalimia televisheni kwa Kisomali, kwa sauti ya kuita ngamia.

"Ayeeyo, hakusikii," karani akamwambia. Huyo karani anaitwa Salah, ni wa hapa hapa. "Sauti bado imefungwa."

"Basi fungua! Si wewe uko na funguo?"

Watu wakacheka, jaji mwenyewe akainama kuficha tabasamu. Ayeeyo akaona njia imefunguka, akatoa Kiswahili chake chote. "Jaji, mimi mzee. Nataka beleka mtoto yangu nyumbani. Nyumba iko tayari, fizuri kabisa."

"Nimekusikia, mama," jaji akasema. "Kaa."

Mambo yalikuwa yanaenda vizuri, naapa. Daktari alisoma ripoti yake. Nimo akasema yake, fupi, safi. Halafu mwendesha mashtaka akasimama, kijana mpole tu, hata hakupandisha sauti.

"Mheshimiwa, mimi nina jambo moja. Ripoti tatu zinasema anaongea na watu wasioonekana. Ya nne inasema amenyamaza. Ugonjwa wa miaka kumi na tatu hauondoki kama mafua. Ama amepona, ama amejifunza kunyamaza. Mahakama itajuaje?"

Jaji akarudi kwa ule mstari. Akafungua ripoti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliona kidole chake kinatembea juu ya Dubo, Ogole, Irisi. Nimo alikuwa anasimama kujibu. Wacha niseme ukweli wangu: angejibu. Angetafuta njia. Lakini mimi nilikuwa na jibu lenyewe kifuani, limekaa siku tatu, linapiga mateke.

"Mheshimiwa, naomba niseme!"

Nimo akageuka. Macho yake siwezi kuyaandika.

Jaji akauliza mimi ni nani. Nikajitambulisha, nikataja na diploma. Nikaeleza yote, abtirsi ni nini, nani anafundishwa, kwamba muuguzi aliandika babu zetu akidhani ni majini. Salah akatikisa kichwa kukubali, na askari wa mlangoni akaanza abtirsi ya kwake chini chini. Korti ilichangamka! Hata mwendesha mashtaka alitabasamu. Jaji akaweka kalamu chini.

"Hili sikulijua," akasema. "Daktari, ulilijua?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Bwana Isse, ni kweli? Yale majina ni ya ukoo wako?"

Sauti ya abti ikatoka polepole, Kiswahili cha Nairobi kabisa, amekaa na wauguzi sana. "Ni kweli, Mheshimiwa."

"Unaweza kututajia?"

Nilimshika Ayeeyo mkono. Nilikuwa nacheka, unajua? Nilikuwa nacheka kwa furaha.

Abti akafuta midomo kwa kiganja. Akaangalia kando, chini kidogo ya meza, urefu wa mtoto.

"Ayan," akasema.

Akangoja.

"Isse." Akangoja. "Dubow." Akangoja. Kila jina alilitoa, halafu akainamisha sikio, halafu akatikisa kichwa, ndiyo, endelea. Ogle. Hirsi. Rooble. Muuguzi alikuwa ameandika kuanzia katikati. Alikosa mwanzo. Na mimi nilikosa pia, maana mtu akijihesabia mwenyewe anaanza na jina lake, na hesabu hii haikuanza na Isse. Ilianza na mtoto wake. Alikuwa anamfundisha.

"Guled," abti akasema. Akangoja. Akatabasamu. "Hapana, aabo. Si Samatar. Guled kwanza. Rudia."

Kwetu baba humwita mtoto wake aabo, yaani baba. Ayan alikuwa anakosea hapo hapo. Kila jioni, jina la saba, anaruka Guled anakwenda Samatar, na mimi nilikuwa namcheka mpaka analia. Hiyo haikuandikwa kwa faili yoyote.

Jaji akauliza, kwa upole sana, "Bwana Isse, unaongea na nani?"

Miaka kumi na tatu walimfundisha kusema ukweli kwa daktari. Akasema ukweli.

"Na binti yangu. Bado hajamaliza."

"Anakujibu?"

"Ananijibu. Zamani tulikuwa tunasoma kwa sauti, wakaniambia sauti ndiyo inaniweka hapa. Sasa tunasoma ndani." Akajigusa kifua.

Daktari alikuwa ameanza kuandika.

Nimo alijaribu. Alisema ni huzuni, si ugonjwa. Baba gani asiyeongea na mtoto wake aliyekufa? Jaji alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema mahakama haimwadhibu mtu kwa huzuni, na hii si adhabu, lakini mtoto anayejibu ni jambo ambalo daktari lazima aliangalie upya. Abti aendelee kukaa hospitalini. Faili irudi baada ya mwaka.

Skrini ikawa nyeusi kabla hatujamuaga. Macawis ilikuwa bado magotini kwa Ayeeyo.

Ayeeyo hakuwa ameelewa. Kiswahili cha jaji kilikuwa kirefu kwake. Alimwona mwanawe anataja majina vizuri, hajakosea hata moja, na watu wamefurahi. Akanivuta mkono. "Amesemaje? Analetwa lini?"

Mama akaangalia ukuta. Nimo akakusanya makaratasi. Habari ile iliachwa kwangu niipeleke mimi.

"Amesema mwakani, ayeeyo."

"Mwakani," akasema. Akaanza kukunja macawis, akaikunja mpaka ikawa ndogo kama kitabu, na bado anaikunja.

Nje, Nimo aliniambia neno moja tu bila kuniangalia. "Hukudanganya." Akaingia gari lake. Afadhali angenipiga kofi.

Siku ile Ayeeyo alirudi Habaswein. Mama hakunigombeza. Hakuniongelesha kabisa, mpaka hata wateja wakawa wanaulizia, Redio imeharibika?

Ijumaa ndiyo siku ambayo hospitali inampa abti simu. Dakika tano. Ilipolia mama alikuwa mbele anashusha jerikeni, nikaishika mimi, nikakaa nyuma ya magunia.

"Abti, nisamehe. Mimi ndiye..."

"Fathi, wacha kulia. Nina habari nzuri." Sauti yake ilikuwa nyepesi, karibu ya kijana. "Wameandika kwa faili kwamba majina ni mila ya kwetu. Muuguzi amesema sasa niseme kwa sauti, hakuna shida. Hata yeye anataka ajifunze."

Nikafuta machozi kwa buibui.

"Ayan alikuona siku ile," akasema. "Anasema umekuwa mrefu. Anasema ulikuwa unamcheka kwa Guled."

Soko lilikuwa na kelele, mbuzi, punda, mtu anauza soksi kwa spika. Nilishika simu kwa mikono miwili.

"Anataka umwambie pole," abti akasema. "Nimemshikia simu. Sema."

Nikafunga macho.

"Pole, Ayan," nikasema. "Sikucheki tena."

Nilingoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Nilisikia pumzi upande ule, halafu ule mlio wa dakika kwisha.

Nilipofungua macho, mama alikuwa amesimama juu yangu na jerikeni mkononi, uso umempauka.

"Fathi. Unaongea na nani?"

"Hakuna mtu, hooyo," nikasema. "Hakuna mtu."