Aliyecheza Bwanyenye

Pasi hawakuwa nayo. Raheli alijaza makaa kwenye sufuria, akafuta kitako cha sufuria kwa jani la mgomba, kisha akaipitisha juu ya shati la mwanawe. Shati lenyewe ndilo hilo moja, la sare ya sekondari, kola imelika. Yeremia alisimama kifua wazi akisubiri, na hapo akasikia lori la kijiji likipiga honi kwa Mwenyekiti Kornelio. Limekwenda kumchukua mwanawe, Damiano, mlangoni kwao! Yeye aliambiwa alikimbilie barabarani.

"Damiano kanunuliwa viatu vya ngozi," alisema.

"Vaa vyako."

"Vyangu katambuga za tairi, mama."

"Basi vaa katambuga. Buti watakupa hukohuko jeshini." Raheli alimvika shati, akamnyoosha mabega. "Ukipata huo uofisa, mwanangu, na mimi nitapumzika kuanika mkonge. Kifua hiki kimechoka na vumbi."

Wivu ni mdudu, jamani, na mdudu huyo alikuwa ameshamtoboa Yeremia siku nyingi. Walimaliza kidato cha nne pamoja, yeye akiwa juu kabisa, Damiano akiburura mkia. Sasa wote wawili wameitwa Kilosa mjini kusailiwa, na nafasi ya kijiji chao, Masanze, ni moja. Kila kijana alitakiwa aonyeshe pia alichokifanya nje ya darasa, michezo au sanaa, maana jeshi la wananchi linataka maofisa wanaojua kusema na wananchi. Na sanaa ya Masanze ilikuwa ngonjera ya Yeremia. Aliitunga mwenyewe, akaifundisha mwenyewe, na ilishachezwa Sabasaba mpaka Mikumi mbele ya wageni. Ndani yake mna watu wawili: Bwanyenye anayekula jasho la wenzake, na Mjamaa anayemfukuza.

Yeremia aliitaka nafasi ya Mjamaa kwa moyo wote. Kornelio ndiye aliyekataa. "Mwanangu hawezi kuzomewa hadharani," alisema, na maneno yakaishia hapo. Basi Yeremia akawa anajifunga khanga za mama yake tumboni, anakuwa Bwanyenye, na Damiano anasimama na jembe begani akipigiwa makofi. Kila kofi lilimchoma. Maneno ni yangu, alikuwa akijisemea, makofi ni yake. Hata watoto wa kijiji waliacha kumwita jina lake. Akipita wanapaza sauti, "Bwanyenye! Bwanyenye huyooo!"

Ukumbini Kilosa walikaa watatu mezani: kapteni aliyetoka Dar es Salaam, katibu wa wilaya, na Kornelio mwenyewe, aliyeitwa kutoa habari za tabia za vijana wake. Vijana wakaamkia shikamoo, wakajibiwa marahaba. Katibu akamuuliza Damiano kama amekula. Yeremia hakuulizwa, na njaa ilikuwa inamkata.

"Haya," kapteni alisema, "tuonyesheni hiyo sanaa yenu."

Yeremia akaapa moyoni kwamba leo hafunikwi na mtu. Alijifunga khanga, akatoka. Weee! Alitembea tumbo mbele, mikono nyuma, akipapasa magunia yasiyokuwepo na kulamba kidole baada ya kila gunia. Aliyewahi kumwona Kornelio akikagua ghala la kijiji hakuhitaji kuelezwa. "Jasho ni lako mkata, shibe ni yangu bwanyenye!" alighani, akajilaza juu ya viti viwili akijipepea. Kapteni alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho. Kornelio alikuwa akicheka pia, kisha akaacha.

Damiano, maskini, alipotelewa na maneno yote. Alisimama wima, jembe begani, macho mbele. Yeremia aliliona hilo na roho yake ikashangilia. Aliacha hata kumnong'oneza. Akaongeza beti nyingine za Bwanyenye, papo kwa papo, tamu kuliko za kwanza.

Walipomaliza, kapteni alikunja kitambaa chake taratibu.

"Nani mtunzi?"

"Mimi, afande."

"Na maneno ya huyu Bwanyenye, ni yako pia?"

"Yote, afande."

"Yanakutoka vizuri sana. Umeyatoa wapi?"

Yeremia alimtupia jicho Kornelio. "Kichwani tu, afande. Ni mchezo."

"Mtu hachezi asichokuwa nacho," katibu alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mwenyekiti, kijijini anajulikanaje huyu kijana?"

Kornelio hakuwa na haraka. "Sipendi kumharibia mtoto wa mjane. Lakini kijijini wanamwita Bwanyenye. Hata watoto wadogo. Muulizeni mwenyewe."

"Kweli?" kapteni aliuliza.

"Kweli, afande, lakini..."

"Na huyu mwenzako amekejeliwa muda wote huu, hakutikisika. Jembe begani, macho mbele. Hiyo ndiyo nidhamu."

"Amesahau!" Yeremia alipiga kelele. "Afande, amesahau maneno! Maneno niliyomwandikia mimi!"

Damiano aliangalia viatu vyake vipya.

"Na wivu pia anao," katibu alisema, akaandika.

Damiano aliondoka kwa treni, kijiji kizima kikimwimbia. Yeremia alipewa adhabu, ila haikuitwa adhabu. Iliitwa kurekebishwa. Atalima shamba la mfano mpaka ubwanyenye umtoke, na shamba la mfano kila mtu Masanze alijua mavuno yake huishia nyumba gani. Raheli alirudi kwenye mkonge na kifua chake kilekile.

Siku moja Kornelio alimkuta shambani jua limepanda, mgongo umemwiva, tumbo halijapata kitu.

"Wageni wa mkoa wanakuja kuliona shamba. Wanataka ngonjera."

"Safari hii nicheze Mjamaa, mzee?"

"Mjamaa atacheza Anastazia. Huyu hapa, mfundishe." Akamsogeza binti yake mbele, amevaa gauni la rangi ya maziwa, kisha akaenda kukaa kivulini.

Anastazia alishika jembe ambalo Yeremia alikuwa analilimia. Alikuwa na haya, akasema chini chini, "Toka shambani mwa watu, mnyonyaji huna lako."

"Hapana," Yeremia alisema. Alijipangusa matope usoni kwa mkono, akasimama mbele yake. "Usiangalie chini. Ninyooshee kidole. Mimi hapa, nione. Useme kwa nguvu mpaka baba yako asikie."

Anastazia akamnyooshea kidole, akasema kwa nguvu. Kule kivulini Kornelio akapiga makofi.

"Tena," Yeremia alisema.