Nthambi Amtoa Mumewe Uwanjani

Msimu wa 2001 ulipokaribia kuanza, kamati ya Mfereji, timu ya mpira ya Matuu, iliita mkutano wa mashabiki katika kibanda cha soko la mbuzi. Mwenyekiti alikuwa Mire, mfanyabiashara wa mifugo ambaye aliletwa mjini na baba yake akiwa mtoto, na sasa alizungumza Kikamba vizuri kuliko watoto wengi wa pale. Timu ilikuwa imeponea chupuchupu kushushwa daraja, na Mire alikuwa na dawa yake. Angeleta wachezaji kutoka Thika.

"Hao wako na uzoefu," alisema. "Hawa wetu wamechoka."

Nthambi, muuzaji wa maembe, aliinua mkono. Tangu aolewe hakuwa amekosa mechi ya Mfereji, ya nyumbani wala ya ugenini, na siku za mechi meza yake sokoni iliangaliwa na jirani.

"Bwana Mire, hao wa Thika wakiitwa mahali pazuri zaidi wataenda, halafu tutafute wengine. Mimi nasema tuchukue wale vijana wanacheza jioni kando ya mfereji. Tuwape msimu mzima. Wafungwe, wajifunze, wakue pamoja. Tukiwa na subira, hii wilaya yote itatujua."

Watu walicheka. Mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na nani atatoka ndio hao watoto waingie?"

Lilikuwa swali la mtego. Kila mtu alijua kwamba mchezaji mkongwe kuliko wote ni Musau, beki wa kati na nahodha, na kwamba Musau ni mume wa Nthambi. Alikuwa ameketi benchi la mbele, njumu zake zikiwa mapajani.

"Wa kwanza kutoka ni Musau," alisema Nthambi.

Musau aligeuka akamtazama mkewe kama mtu aliyesikia nyumba yake imeuzwa. Mire alikuna ndevu. Maisha yake yote alikuwa akinunua ndama na kuwafuga mpaka wakanenepa, kwa hiyo wazo lile halikumshtua sana.

"Tujaribu," alisema mwishowe. "Msimu mmoja."

Jioni hiyo Musau alikaa mbele ya sahani yake bila kuigusa.

"Chakula kiko na nini?" Nthambi aliuliza.

"Hii ugali imezeeka. Labda itolewe, iingie changa."

Nthambi alicheka peke yake. "Baba Mbithe, sikukutoa kwa ubaya. Hayo magoti nayakanda mimi kila Jumapili. Nayajua."

"Ungeniambia hapa nyumbani."

"Ningekuambia hapa ungekataa."

"Ningekataa," alikubali, akamega tonge.

Lakini wiki hiyo hiyo alipanda gari hadi Kithimani, mji wa jirani ambao timu yake ni hasimu wa Mfereji tangu zamani, na Kithimani wakamsajili kwa mikono miwili. Nthambi alipata habari sokoni, kutoka kwa mteja.

Mechi ya kwanza ya msimu ilikuwa huko huko Kithimani. Vijana wa Mfereji waliufuata mpira wote kwa pamoja kama watoto wanaofukuza kuku, huku Musau amesimama mahali pake, mikono kiunoni, na mpira ukimjia wenyewe. Walifungwa sita bila. Njiani kurudi nyumbani Musau alikuwa akipiga mbinja.

Kesho yake wenzake Nthambi sokoni walimngoja kwa hamu. "Sasa Nthambi," alisema Kavutha wa nyanya, "watoto wako washaachishwa kunyonya?"

"Mliona mwisho wa mechi?" Nthambi alijibu. "Kithimani walikuwa wanatembea. Wetu walikuwa bado wanakimbia."

"Walikuwa wanakimbia wapi?"

Nthambi akageuka kupanga maembe yake.

Vichapo viliendelea. Siku moja Mire alifika kwenye meza yake, akachagua embe na kulila akiwa amesimama.

"Mama Mbithe, watu wananicheka hata nikitoka msikitini."

"Wacha wacheke. Jumamosi Muli alitoa pasi."

Muli alikuwa mshambuliaji, kijana mwembamba aliyependa kuchezea mpira peke yake mpaka aupoteze.

"Pasi moja," alisema Mire.

"Mwezi jana alikuwa hatoi hata hiyo."

Mire alitafuna, akatupa kokwa, akaenda zake bila kutaja Thika.

Ukweli ni kwamba Nthambi naye alianza kuingiwa na shaka. Baada ya mechi moja waliyofungwa kwenye mvua, alitembea hadi nyumbani akijiuliza kama alikuwa amemwaibisha mumewe bure mbele ya mji mzima. Kisha Jumanne akapita kando ya mfereji, akawakuta vijana wakifanya mazoezi. Hakuna aliyekuwa amewaita. Matope yalikuwa yamewafika magotini, na Muli alikuwa akipiga mpira kwa mguu wa kushoto, ule mbovu, akiukosa na kurudia tena. Wenzake walimrushia mpira bila kulalamika. Nthambi alisimama pale mpaka wakamwona.

"Mwaitu, umekuja kutufukuza?" Muli aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Nimekuja kuangalia. Endeleeni."

Wakaanza kutoka sare. Halafu wakashinda moja, ikafuata nyingine. Ilipofika mechi ya mwisho, nyumbani dhidi ya Kithimani, Mfereji walihitaji sare tu ili wasishuke daraja. Soko lilifungwa mapema. Nthambi na Musau waliondoka nyumbani pamoja, wakaachana getini mwa uwanja wa shule. Yeye alikwenda kwa mashabiki wa Mfereji, mumewe akaelekea kwa wageni.

Musau alipewa kazi ya kumkaba Muli, na aliifanya kwa viwiko na kwa maneno. Kabla ya mapumziko Kithimani walipata kona. Musau akapanda, akaruka juu ya wote, akafunga kwa kichwa. Nthambi alishtuka kuona mikono yake mwenyewe ikipiga makofi. Kavutha alimgeukia.

"Wewe uko upande gani?"

"Hiyo ilikuwa kichwa nzuri," alisema Nthambi, akaificha mikono chini ya leso aliyojitanda.

Kipindi cha pili jua liliwaka. Wazee wa Kithimani walianza kushika viuno, lakini vijana waliendelea kukimbia, na safari hii walijua wanakimbilia wapi. Muli alitoa pasi, akarudishiwa, akamkabili Musau. Aliegemea kulia, upande wake wa siku zote, na Musau akaenda kulia. Mpira ukapita kushoto. Musau akaanguka chali, na Muli akapiga kwa ule mguu mbovu, chini kabisa, kipa asiufikie.

Uwanja ulilipuka. Nthambi aliruka na wenzake, kisha akaanza kumtafuta mumewe kwenye vumbi. Musau alikuwa bado ameketi chini. Alinyoosha mkono, Muli akarudi mbio akamvuta, na Musau akamwambia jambo sikioni lililomfanya kijana acheke.

Mechi iliisha sare ya bao moja kwa moja. Mire aliingia uwanjani na makobazi yake, akimkumbatia kila mtu, hata refa.

Nyumbani, Musau alitia miguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Nthambi aliketi kwenye kigoda akamkanda magoti.

"Ulimwambia nini yule kijana?"

"Nilimuuliza huo mguu aliununua wapi." Musau alifumba macho. "Mwaka ujao tutawafunga."

"Mwaka ujao watakuwa wameongeza mwaka mmoja," alisema Nthambi. "Na wewe pia."

Musau alicheka mpaka maji yakamwagika sakafuni.

Alicheza msimu mwingine mmoja Kithimani, na Mfereji wakawafunga nyumbani na ugenini. Walimaliza wa tatu bila mchezaji hata mmoja kutoka Thika. Siku ya mechi ya ugenini, Nthambi na Musau walirudi Matuu pamoja, wakibishana njia nzima kama Muli alikuwa ameotea alipofunga bao la pili.