Nywele Zisizochanwa

Saa tatu kasorobo asubuhi bibi mmoja aliingizwa chumba cha dharura akiwa na jeraha juu ya sikio la kushoto, refu kama kidole cha shahada. Alikuwa anapumua vizuri. Alipoitwa alifumbua macho, akayafumba tena bila kujibu.

Walioingia naye walikuwa wanawake wawili, na hawakusimama upande mmoja wa kitanda. Mmoja alikuwa bintiye, mwenye sauti. Wa pili alikuwa mke wa mwanawe, na gauni lake lilikuwa na damu kifuani kwa sababu ndiye aliyembeba. Kabla muuguzi hajauliza lolote, binti alikuwa ameshaimaliza kesi: wifi yake na mama hawaivi, jana walirushiana maneno, leo mama amekutwa chini nyuma ya jiko, na aliyekuwa nyumbani ni huyu peke yake. Ushahidi alikuja nao mkononi. Ulikuwa mchi wa kutwangia, umeviringishwa kwenye gazeti.

Mkwe alisema mara moja tu kwamba alikuwa anafua, akasikia kishindo, akakimbia, akamkuta mama amelala. Askari wa zamu aliitwa, akamweleza kwa upole kwamba kama hakuna jipya litakalopatikana hadi mchana, itabidi aende naye kituoni, na huko atalala. Mkwe akauliza nani atamnyonyesha mtoto aliyemwachia jirani.

Muuguzi alikuwa amesomea kazi ya kukusanya vielelezo kutoka kwa majeruhi, na hakuwa na mazoea ya kumhurumia mtu kabla ya kumaliza kuangalia. Aliupokea mchi kwa glavu, akaupiga picha, akaufunga ndani ya karatasi, akaandika ni nani ameuleta na ameushika wapi. Binti akamkata wifi yake jicho la kumwambia umekwisha. Mkwe alipoombwa gauni alilitoa bila kusita, akavaa la hospitali.

Daktari alipima, akasema fuvu halijavunjika, kilichobaki ni kusafisha na kushona. Hapo ndipo binti alipotoa kitana mkobani. Mama yake, alisema, ni mtu anayejiheshimu, hawezi kulala mbele za watu kichwa kama kiota cha ndege.

"Dada, rudisha hicho kitana," muuguzi alisema.

"Namchana mama yangu, si mama yako."

"Utamchana nikimaliza. Kilichomo humo kikidondoka sasa, ndiyo basi, hatukipati tena."

Binti aliguna, akarudisha kitana, akamwambia wifi yake kwamba leo hata nywele zitamtaja.

Muuguzi alibadilisha glavu, akatandika karatasi nyeupe chini ya kichwa, akapiga picha za jeraha na rula pembeni, kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu. Ndipo akaanza kuzipekua nywele kwa kibano, fungu moja baada ya jingine. Zilikuwa nyeupe zote, jambo lililorahisisha kazi. Kwenye kingo za jeraha alipata magamba ya kutu, membamba kama ganda la kitunguu. Juu kidogo kulikuwa na tope kavu lenye ukoga wa kijani, na kipande cha jani lililooza. Kila kimoja alikikunja katika karatasi yake, akakitia katika bahasha yake, akabandika utepe na kutia sahihi juu ya utepe. Mifuko ya nailoni hakuigusa. Humo unyevu hugeuka ukungu, na ukungu hula vyote.

Askari, aliyekuwa akitazama muda wote, aliomba kuona picha ya mchi. Mti mtupu, mkavu, una unga kichwani.

"Sista, mchi unaota kutu?"

"Mimi sisemi kilichompiga," alijibu. "Nasema nilichokitoa."

Askari akawasha pikipiki akaenda kwenye nyumba yao. Daktari akashona. Binti alikaa upande wa kichwa cha mama yake, mkwe mlangoni. Maziwa yalikuwa yameanza kulowesha lile gauni la hospitali.

Askari alirudi kabla ya saa sita na picha kwenye simu. Nyuma ya jiko, mfereji wa bati unaokinga maji ya mvua ulikuwa umeng'oka upande mmoja na kuning'inia hadi chini, na ukingoni mwake palikuwa na damu na nywele nyeupe zilizonasa. Alisema askari mwenzake aliyemwita huko amebaki kuulinda hadi watu wa maabara wafike. Alimwambia mkwe aende akamnyonyeshe mtoto, ila asisafiri mpaka majibu yatoke. Mkwe akakaa pale pale sakafuni.

Binti aliitazama picha. Akasema, kama anayejisemea, kwamba kaka yake aliambiwa aukaze mfereji huo tangu masika.

Muuguzi alimkabidhi askari bahasha zote, mchi na gauni. Muuguzi akasaini, askari naye akasaini. Kisha muuguzi akamgeukia binti, akamwambia kitana sasa ruksa, mradi asiguse mshono.

Binti alikitoa mkobani, akakishika kidogo, akamnyooshea wifi yake.

"Mchane wewe. Mimi mkono wangu mzito."

"Upande huu tu, wifi. Mtoto ananisubiri."

Bibi alifumbua macho, akauliza nani anamvuta nywele. Akaambiwa. Akageuza kichwa kidogo ili afikiwe vizuri. Upande wa kulia ulimalizika kuchanwa saa sita na dakika tano.